Risasi ndani ya Bomba la Maji

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto, Bambu

Mwenye mtoto anayelia akae karibu na mlango, hakuna neno, atasikia vilevile. Leo sitasema juu ya mbu, wala minyoo, wala chanjo. Leo nitasema juu ya risasi.

Najua. Hapa kwetu Ituri mtu akitaja neno risasi, kila mama anatazama kwanza mlango uko wapi. Tumeijua risasi ya bunduki kupita kiasi. Lakini risasi ninayotaka kusema haina mlio. Ni yale madini yenyewe ambayo wengine wanaita plombi. Ni mazito, ni laini, yana rangi ya majivu. Wavuvi wanayafunga kwenye nyavu ili zizame. Yamo ndani ya batri ya motokari. Na zamani watu walitengeneza mabomba ya maji kwa madini hayo. Ndiyo sababu hata leo fundi wa maji anaitwa kwa Kifaransa plombier, maana yake mtu wa risasi.

Tuelewane kwanza juu ya maneno, kwa sababu hapa kila mtu anaita kwa namna yake. Nikisema bomba, ninataja ile tiyo inayopitisha maji ndani ya udongo na ndani ya ukuta. Nikisema robine, ni ile munayofungua kwa mkono.

Wengi wenu munachota maji kwenye chemchemi. Mutasema, basi maneno haya si yetu, ni ya watu wa nyumba kubwa. Ngojeni kidogo. Munajua mji wetu ulivyo. Dhahabu ilionekana katika nchi hii mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto ilianzishwa mwaka 1926. Wazungu wa kampuni walijenga ofisi na nyumba za matofali, wakavuta maji mpaka jikoni. Wale waliofunga mabomba wakati ule walijifunza kazi yao Ulaya, au walifundishwa na watu waliojifunza Ulaya, na kule bomba la risasi lilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Lilipendwa kwa sababu linakunjika kwa mkono, linapita kwenye kona bila taabu, wala halipati kutu. Marekani walikataza kuweka mabomba mapya ya namna hiyo mwaka 1986, Ufaransa mwaka 1995. Nyumba nyingi za zamani ni za mbele sana ya hapo. Na leo nani anakaa katika nyumba za namna hiyo? Si mkubwa mmoja na mpishi wake. Ni jamaa tatu, jamaa nne, watu waliokimbia vita na kurudi, na majirani wanaokuja kuchota kwenye robine ya nyuma na bidoni zao. Kwa hiyo maneno haya ni yenu pia.

Sisemi kwamba kila nyumba ya zamani ina bomba la risasi. Hapana. Mara nyingi utakuta bomba la chuma. Ninasema tu kwamba huwezi kujua mpaka umetazama, na kutazama hakuna bei.

Mimi mwenyewe sikutazama. Nilipoanza kazi nilipewa vyumba viwili katika nyumba ya zamani, na nilifurahi sana, kwa sababu kulikuwa robine jikoni. Nilikaa humo miaka minne. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa humo, na kila asubuhi nilimpikia uji wa maji ya robine ile. Niliyachemsha vizuri, dakika zote, kama ninavyowafundisha ninyi. Siku moja bomba likaanza kutoa machozi chini ya robine, fundi mzee akaja. Akalikwaruza na ukucha wake. Na ukucha! Alama ikabaki inang'aa kama feza. Akaniambia, "Mama, hii ni plombi. Wewe unakunywa hii?" Ilikuwa kipande cha urefu wa mkono hivi, kati ya ukuta na robine, sehemu nyingine zote zilikuwa chuma. Mtoto wangu leo ni mtu mzima. Alichelewa kusoma, alirudia darasa mara mbili, na sitajua kamwe kama ni bomba lile au ni sababu nyingine. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna mtu aliyempima damu wakati ule, na leo haisaidii kuuliza.

Sasa mama mmoja atasema: "Lakini, mama mganga, sisi tunachemsha maji. Ninyi wenyewe mulitufundisha." Ndiyo, na muendelee kuchemsha, kwa sababu kuchemsha kunaua vidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo. Lakini risasi si kidudu. Haina uhai, basi haiwezi kufa. Weka lita mbili za maji yenye risasi juu ya moto, acha yachemke mpaka ibaki lita moja. Maji yamekwenda na moshi, risasi imebaki yote ndani ya sufuria. Sasa ile lita moja ina nguvu mara mbili. Kuchuja na kitambaa hakusaidii. Kuacha maji yatulie hakusaidii. Dawa za kutia ndani ya maji, zile za klori, hazisaidii kwa risasi. Na maji yenyewe ni meupe, hayana harufu, hayana ladha. Utasifu uzuri wake.

Ninyi wamama wa Bambu munajua gramu kuliko wamama wa mahali pengine. Munajua gramu moja ya dhahabu ni ndogo namna gani kwenye mizani. Basi sikieni hesabu hii. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema lita moja ya maji ya kunywa isipite sehemu 10 za gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Maana yake, gramu moja tu ya risasi inatosha kufikisha mpaka huo katika lita 100,000. Ni bidoni 5,000 za lita 20. Jamaa inayotumia bidoni tano kwa siku itamaliza karibu miaka mitatu kwa kuzichota. Gramu moja! Na bomba la mita moja lina kilo nzima na zaidi. Tena shirika lilelile linasema wazi kwamba hakuna kipimo kidogo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huo mpaka wa maji ni wa kusaidia kazi, si wa kutufanya tulale.

Kwa nini mtoto zaidi? Kwa sababu mwili wa mtoto unajenga mifupa, na mwili unadanganyika, unafikiri risasi ni ile chokaa ya mifupa iliyo ndani ya maziwa na samaki. Unaipokea kwa mikono miwili. Katika risasi iliyomezwa, mtoto mdogo anaweza kupokea mara nne au tano kuliko mtu mzima. Inakwenda katika damu na kuipunguza, mtoto anakuwa mweupe viganjani. Inakwenda katika ubongo, na huko ndiko kwenye hasara kubwa, kwa sababu ubongo ulioharibiwa na risasi haurudi kuwa kama kwanza. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, anakasirika bure, hawezi kutulia. Mwalimu atamwita mjinga, baba atamwita mkaidi. Mengine inakwenda kukaa ndani ya mifupa kwa miaka na miaka. Msichana aliyekunywa risasi anaweza kuibeba mpaka siku anapochukua mimba, na hapo mifupa yake ikitoa chokaa kwa ajili ya mtoto, inatoa na risasi. Inapita kwenye kondo, inamfikia mtoto tumboni.

Dalili? Mara nyingi hakuna. Ndiyo ubaya wake. Zikiwapo, zinafanana na mambo tunayoyaona hapa kila siku: tumbo kuuma, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, uchovu, damu kupungua. Tunampa dawa ya minyoo, tunampa vidonge vya damu, anapata nafuu kidogo, anarudi tena. Risasi ikizidi sana, mtoto anashikwa na degedege na anaweza kufa. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake anarudi-rudi na tumbo na upungufu wa damu, na anakaa katika nyumba ya zamani, atuambie habari ya nyumba yake. Sisi hatuulizi vya kutosha, ninakubali. Ninyi semeni.

Musidhani ni hadithi za Ulaya tu. Mombasa, Kenya, katika mtaa unaoitwa Owino Uhuru, kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani ili kutoa risasi. Kilianza mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Mama mmoja, Phyllis Omido, alifanya kazi pale akiwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto akaugua. Kwanza walifikiri ni magonjwa ya kawaida, wakamtibu, homa haikuondoka. Mwishowe damu ilipimwa, wakakuta risasi. Mama yule hakunyamaza. Alizunguka nyumba kwa nyumba, watoto wengine wakapimwa, na mambo yakafika mbele ya majaji. Mwaka 2020 korti ya Mombasa iliamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kule risasi ilipita katika moshi, vumbi na maji machafu, si katika bomba. Lakini damu ya mtoto haiulizi imepita njia gani.

Na habari ya mabomba yenyewe: Marekani, katika mji wa Flint, mwezi wa 4 mwaka 2014 wakubwa walibadilisha maji ya mji, wakaanza kutumia maji ya mto bila kutia dawa inayozuia maji kula mabomba. Wakati ule mji ulikuwa na watu karibu 100,000. Mabomba ya risasi yalikuwa chini ya udongo miaka mingi, kimya, yamefunikwa ndani na ukoko. Maji mapya yakala ule ukoko. Wamama walileta chupa za maji yenye rangi mikutanoni, wakaambiwa maji ni mazuri. Ni daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, aliyeonyesha mwaka 2015 kwa hesabu ya damu kwamba risasi ya watoto imepanda. Ninawaambia hii kwa sababu moja: bomba lililonyamaza miaka 50 linaweza kuanza kutoa sumu likibadilishiwa maji, au likigongwa, au maji yakikatwa na kurudi kwa nguvu. Mtu asiseme, "Babu alikunywa hapa akafikisha miaka 80."

Maji mengine yanakula risasi zaidi kuliko mengine. Ninyi munaofua nguo munayajua: yale maji ambayo sabuni inatoa povu upesi, maji laini kama ya mvua, ndiyo yanayokula bomba zaidi. Na maji yanapolala ndani ya bomba usiku kucha, yana wakati wa kula. Maji ya moto ndani ya bomba yanakula kuliko ya baridi.

Sasa tufanye kazi. Namna ya kutambua.

Tafuta mahali bomba linapoonekana: chini ya robine, mahali linapoingia ukutani, nyuma ya nyumba karibu na ile vane ya kufungia maji. Ondoa watoto kwanza. Lowesha kitambaa, upanguse vumbi. Kama bomba limepakwa rangi, likwaruze likiwa limelowa, kwa sababu rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na risasi, na vumbi kavu linaruka. Kwaruza kidogo tu, kama ukubwa wa punje ya mchele. Tumia msumari au ufunguo, si kisu cha kukatia nyama.

Kama panang'aa kama feza na msumari umeingia bila kutumia nguvu, kama siagi iliyokauka, shaka nalo sana. Kama ni jekundu kama waya wa umeme, hiyo ni shaba. Kama ni gumu, la kijivu au lenye kutu, hiyo ni chuma. Plastiki kila mtu anaijua.

Kisha tumia sumaku. Musiniambie hamna sumaku: kila nyumba ina redio iliyokufa, na ndani ya kile kinachotoa sauti kuna sumaku nzuri. Itoe. Kwenye chuma itashika, pa! Kwenye risasi itaanguka. Kwenye shaba itaanguka vilevile, lakini rangi ya shaba utaiona pale ulipokwaruza. Gonga pia na kijiti: chuma kinalia, risasi inajibu kwa sauti nzito ya kufa, kama mtu anayegonga udongo. Na tazama maungo. Mabomba ya chuma yanaungwa kwa nyuzi za kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Bomba la risasi linavimba kwenye kiungo, kama kitunguu au kama nyoka aliyemeza yai, na linajikunja huku na huku bila kona kali.

Usitazame mahali pamoja tu. Kwangu kilikuwa kipande cha urefu wa mkono peke yake. Tena, kama bomba la chuma linafuata baada ya bomba la risasi, ile kutu ndani ya chuma inashika risasi na kuiweka, halafu inaiachilia kidogo kidogo hata baadaye. Kwa hiyo ukitoa la risasi, chuma cha zamani kilicholifuata kinafaa kutoka pia.

Baada ya kazi hiyo nawa mikono kwa sabuni, na kile kitambaa usikioshee vyombo.

Ukikuta ni risasi, usikimbie na kuvunja. Kwanza kuna la kufanya leo hii, bila franka. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya uji wa mtoto yachotwe kwenye chemchemi iliyojengwa vizuri, na hayo ndiyo ya kuchemsha. Tunarudi kwenye bidoni kichwani, ninajua, na ninajua ni nani atakayeibeba. Kama chemchemi iko mbali kabisa au njia haina usalama, basi asubuhi fungua robine, chota bidoni ya kwanza nzima uiweke kando ya kufulia na kuoshea nyumba. Risasi ndani ya maji haipiti kwenye ngozi ya mtu anayefua. Bomba la kawaida la mita 20 linashika lita tatu na nusu hivi, kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 imetoa yale yaliyolala katika bomba la nyumba yako. Kisha chota ya kunywa. Hii inapunguza, haimalizi. Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo, na mama mwenye mimba, wasipewe maji hayo hata baada ya bidoni ya kwanza. Wapewe ya chemchemi.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Ninarudia, kwa sababu neno hili likienda vibaya litaua watoto wengi kuliko bomba. Maziwa ya mama katika hali karibu zote ni bora kuliko kopo, na hasa kuliko kopo lililokorogwa na maji yenye risasi.

Chakula kinasaidia. Tumbo tupu linapokea risasi zaidi, basi mtoto asiende asubuhi bila kula. Sombe, lengalenga, maharagi, na samaki wadogo wa Ziwa Albert wanaoliwa pamoja na mifupa yao, hivyo vinampa mtoto chuma na chokaa, na risasi inakosa nafasi. Ongeza pera au chungwa. Na ninyi wenye mimba munaokula udongo mweupe wa sokoni, musicheke, ninawaona, udongo wa namna hiyo umepimwa katika nchi mbalimbali na baadhi yake ukakutwa na risasi. Uacheni.

Kisha kubadilisha. Hapa ndipo watu wanaharibu. Fundi anakuja, anakata kipande kinachoonekana, anaunga bomba jipya kwenye risasi iliyobaki, anachukua feza yake. Hiyo ni mbaya. Kukata kunatikisa ule ukoko wa ndani, na kwa majuma au miezi risasi inaweza kupanda kuliko mwanzo. Na kama kipande kipya ni cha shaba kilichogusana na risasi, vile viwili pamoja na maji vinafanya kama batri, na risasi inalika upesi zaidi. Kama munatoa, mutoe yote, kutoka vane mpaka robine.

Feza haitoshi? Kuna njia ambayo ninaipenda, na ndiyo niliyoona ikifanya kazi. Musihangaike na mabomba yote ya nyumba. Chimbeni mfereji mpya kutoka kwenye vane mpaka robine moja tu, nje, ya kunywa. Wekeni tiyo nyeusi ya plastiki, ile ya kuzungushwa, yenye maandishi kwamba ni ya maji ya kunywa. Ile ya nafuu isiyo na maandishi muiache dukani. Bomba la zamani likatwe kabisa pale kwenye vane, lizibwe, lisipokee maji tena, ili mtoto asikute robine ya zamani ikitoa maji. Jamaa nne zikichanga, kama munavyofanya likelemba, bei haimshindi mtu. Muongee kwanza na mwenye nyumba au mkubwa wa kambi, kwa sababu mfereji ukipita katika udongo wa mwingine bila ruhusa mutapata maneno mengine.

Simama karibu na fundi. Asiyeyushe risasi kuziba viungo. Plastiki ina viungo vyake vya kukaza. Akimaliza, acha maji yatoke nusu saa kabla ya kunywa. Kama robine ina kichujio kidogo kinywani, kifungue kila juma kwa miezi ya kwanza ukioshe, kwa sababu vipande vidogo vinanasa pale. Na robine yenyewe isiwe ile iliyotoka nyumba ya zamani. Hata robine na pompe za mkono zinaweza kuwa na sehemu za shaba ya njano iliyochanganywa na risasi: wachunguzi walipima maji ya pompe na robine 261 katika Ghana, Mali na Nijeri, wakatoa habari mwaka 2021, na katika kila 100 karibu 9 zilipita ule mpaka niliowaambia. Basi hata kwenye pompe nzuri ya kijiji, maji ya kwanza ya asubuhi muyamwage.

Na lile bomba lililotolewa? Hapa ninataka mawe masikioni yatoke. Bomba la risasi lina uzito, na mtu wa vyuma vya zamani atalinunua. Musilikate nyumbani. Musiliyeyushe jikoni kutengeneza vizito vya nyavu, wala kwenye sufuria ambayo kesho itapika bugali. Moshi wake na vumbi lake vinamwingia mtoto upesi kuliko maji. Likunjwe, lifungwe ndani ya mfuko, liwekwe mahali pa juu mpaka fundi alichukue. Mzee mmoja alimpa mjukuu wake kipande kichezewe kwa sababu kinakunjika vizuri. Nilikitoa mdomoni mwa mtoto na mkono wangu huu.

Mama mzee aliye pale nyuma aliniuliza juma lililopita, kama mtoto ameshakunywa, kuna dawa? Kuna dawa inayovuta risasi katika damu, lakini ni ya hospitali kubwa na ni kwa mtoto aliyepimwa na kukutwa na nyingi. Haifai kutolewa ovyo, wala haisaidii kama mtoto anarudi kunywa bomba lilelile. Dawa za kienyeji za kuharisha zinammaliza maji tu. La kwanza ni kufunga njia ya risasi. Ikifungwa, ile ya damuni inashuka yenyewe pole pole, kwa majuma na miezi.

Basi. Wale wanaokaa katika nyumba za zamani za matofali wasiende bado. Wakati wenzao wanapima kilo, waandike majina kwa mwenzangu kwenye meza. Mimi nina sumaku mbili hapa, za redio ya mume wangu, na yeye bado hajui. Nitamaliza chanjo saa tano. Tutaanza na robine iliyo nyuma ya jengo hili, kwa sababu na sisi hatujaitazama.